Swichi Juu ya Kichwa cha Mgeni

Pale nyumbani, mtaa wa Ntinda, nilikuwa na kazi ambayo kaka zangu hawakupewa: wingu likiwa jeusi, niende dirishani niteremshe swichi. Mkono wake ukiwa juu, waya wa antena uliingia kwenye redio ya baba. Ukiwa chini, waya uleule ulikwenda nje moja kwa moja, hadi kwenye nondo ya shaba aliyoigongomea ardhini kando ya migomba.

"Radi haikatazwi kuja," baba alinifundisha. "Inaonyeshwa pa kupita, basi."

Baba ni fundi wa simu. Redio ile aliiunda mwenyewe kwa miaka mingi, kwa vali, zile taa za kioo za redio, kutoka duka la Mhindi aliyekwisha kufukuzwa nchini. Zamani aliongea kwayo na watu wa mbali. Serikali ilipofuta vibali vya kusema hewani, alibaki kusikiliza tu, na mama akaifunika kwa kitambaa cha kufuma.

Alasiri moja alikuja jirani yetu mwanajeshi, analeta pasi iliyoharibika. Akakaa kiti cha dirishani. Nilipiga magoti kumwamkia, kama mama alivyotufunza, na nikiwa bado chini nikaona mbingu imekuwa nyeusi nyuma ya kofia yake. Swichi ilikuwa shubiri moja juu ya kichwa chake.

"Mtoto, unaangalia nini kwa kichwa yangu?"

Nikatazama mkeka.

"Fundi, huyu iko na haya sana. Nani ataoa yeye?"

"Haya ya msichana ni nusu ya mahari, afande," baba akasema, pasi iko wazi mapajani. Wakacheka. Lakini macho ya baba yalikwenda dirishani, kisha yakaja kwangu.

Ninyooshe mkono juu ya kichwa cha mtu mzima niliyetoka kumpigia magoti? Nilijiambia nihesabu hadi kumi ndipo niinuke. Nilihesabu mara tatu.

Radi ikapiga. Mwanajeshi ndiye aliyelala chini kabla yetu sote. Hakuna aliyeumia, ila kitambaa cha mama kilishika moto na vali zikapasuka moja moja, kama bisi.

"Hii sanduku nini?" akauliza, anajipangusa magoti.

"Redio, afande," baba akasema, anauzima moto kwa mkeka. "Ilikuwa."

Akaondoka bila pasi yake.

Tulipokuwa tukiokota vigae, baba alinishika bega. "Ulifanya vyema. Ungeigusa ile swichi, angeuliza waya unakwenda wapi, na siku hizi mwenye waya kama huo huitwa jasusi. Nami niliogopa hilohilo."

Amewasimulia hata shangazi zangu jinsi nilivyo na akili. Mimi sikuwaza waya wala askari. Niliona haya, basi.

Sasa akirudi kutoka kazini huketi palepale mezani ilipokuwa redio, na vidole vyake bado hutafuta kitufe chake. Mara mbili nimefungua mdomo nimwambie kwamba ilikuwa haya tu.

"Nini, mama?" huniuliza.

Nami husema nilitaka kujua kama atakunywa chai.