Redio Iliyoshushwa Sakafuni

Marehemu Nunow, Mungu amlaze pema, alikuwa fundi redio aliyeweka bisibisi chini kila adhana, hata kama mteja amesimama mlangoni na redio yake iko wazi, matumbo nje. Ufundi aliupata Mombasa. Aliporudi Garissa alikuja na tepurekoda ya betri na mazoea ya kuhesabu moja, mbili, tatu kwa Kiswahili kila anapopima sauti, ingawa siku nzima alizungumza Kisomali.

Kwa tepurekoda hiyo alimrekodi baba mkwe wake, Maalim Dagane, akisoma Yasin. Maalim, aliyefundisha watoto wengi wa mji Kurani, alikitazama chombo akacheka, akauliza kama nacho kimeshatia udhu. Kisha akasoma mpaka mwisho bila kusita.

Maalim alifariki mwaka wa 1965, katikati ya vita vya kujitenga. Askari walikuwa wakipekua nyumba, na jua likizama kila mtu awe ndani. Ndugu zake wa Balambala hawakupata njia ya kuja kumzika. Kwa hiyo tepu ile ndiyo iliyobaki kwao: kila aliyefanikiwa kuingia mjini alikuja kwa Nunow, akaketi mkekani, akamsikiliza Maalim, akalia kidogo, akaomba dua, akaondoka.

Mjane wa Maalim, Mama Qali, aliyeishi na binti yake Kinsi na mkwewe Nunow, ndiye aliyeitunza. Ndani ya tepu mna maneno ya Mungu, naye hakukubali ikae chini, kama vile msahafu haukai chini. Aliifunga kwa kitambaa cheupe akaiweka mahali pa juu kuliko pote chumbani: juu ya redio kubwa ya mbao, ambayo nayo ilikuwa juu ya kabati.

Mwaka uliofuata sauti ilianza kufifia. Nyuma yake ukasikika mchirizo, kama mafuta kwenye kikaango.

"Kinsi," alisema Mama Qali asubuhi moja, "mwambie mumeo mzee anasomea mbali siku hizi. Kama amesimama nje ya ua."

Nunow alikuwa hapo hapo, ameketi upande, uso mlangoni, kwa adabu ya mkwe asiyesema na mama mkwe ana kwa ana.

"Kinsi, mwambie mama nimesikia. Nitaitazama."

"Mwambie aitazame leo. Mume wangu nimemzika mara moja. Sitaki mara ya pili."

"Mwambie leo."

"Nyote wawili mna masikio," alisema Kinsi, "na mimi anjera yangu inaungua kikaangoni."

Nunow alifungua tepurekoda, akasafisha kwa spiriti kile kichwa kidogo cha chuma ambacho utepe hupita juu yake. Uchafu ulitoka, mchirizo ukabaki. Hapo akajua ni sumaku. Kichwa kile hushika sumaku kidogo kidogo kadiri kinavyotumika, na kikishaishika, kila utepe unapopita hulamba sauti, ikianza na zile nyembamba. Sini ya Maalim, ile herufi ya s, ndiyo iliyokuwa ikipotea.

Halafu akainua macho akaona pale kitambaa cheupe kilipokaa, akakosa raha kabisa. Alimwomba Mama Qali, kupitia kwa Kinsi, sindano yake ya kushonea mikeka, akaifunga uzi, akaining'iniza nyuma ya redio. Sindano haikutulia. Iliinama, ikavutwa, ikaenda kunasa nyuma ya spika.

"Kinsi, mwambie mama ndani ya redio mna sumaku kubwa. Inamla mzee kila siku. Tepu lazima ishuke."

Mama Qali aliivuta sindano yake, ikakataa kidogo kubanduka.

"Mwambie nimeona. Lakini Yasin haishuki."

Nunow hakubishana na mkwe. Alianza na lile aliloliweza. Alichukua transfoma ya redio iliyokufa, akaacha chuma chake wazi upande mmoja, akapata kifaa cha kuondolea sumaku. Kilihitaji umeme unaogeuka-geuka, si wa betri, na Bare mwenye duka alikuwa na jenereta ya friji ya soda. Kesho yake mchana wakatoka, Nunow na tepurekoda begani, wazi kabisa, kwa kuwa siku zile kitu kilichofichwa kilimtia mtu matatani. Mama Qali alifuata hatua kadhaa nyuma. Hakutaka tepu ile iende popote bila yeye.

Kwenye kizuizi askari aliwasimamisha.

"Hii ni ya kuongea na nani?"

"Haiongei na mtu, afande. Inasema ilichosikia tu."

"Iseme."

Nunow akaiwasha. Ikatoka sauti yake mwenyewe: "Moja, mbili, tatu. Sogea kidogo, Maalim."

"Nani huyo anahesabu?"

"Mimi, afande."

"Umefika tatu. Nne iko wapi?"

"Baada ya tatu ni Kurani."

Maalim akaanza kusoma. Askari alisikiliza kidogo, akajikuna shingo, akawapungia mkono wapite.

Dukani, Mama Qali aliketi ng'ambo ya barabara na tepu ndani ya shali yake, kwa sababu Nunow alisema isikaribie kifaa kile hata kidogo. Bare akawasha jenereta. Nunow akakisogeza kifaa mpaka karibu na kichwa bila kukigusa, akakipitisha polepole, na kabla hajakirudisha nyuma, jenereta ikanyamaza.

"Nimezima," alisema Bare. "Si umeshamaliza? Petroli haiji siku hizi."

"Bare, ukizima kikiwa karibu, sumaku inabaki palepale, tena mbaya kuliko mwanzo."

"Sasa nifanye nini?"

"Washa. Na usiguse kitu mpaka nifike mlangoni."

Mara ya pili alikisogeza, akakipitisha, kisha akarudi kinyumenyume taratibu, kama mtu anayetoka mbele ya mzee bila kumpa mgongo, mpaka kisigino kikagusa kizingiti. "Sasa," akasema.

Mama Qali alipovuka barabara na tepu ikarudishwa na kupigwa, mchirizo ulikuwa umepungua sana, ingawa haukuisha. Maalim alikuwa amerudi ndani ya ua, lakini sini zake nyingine hazikurudi. Nunow hakumficha mkwewe.

"Kilichokwisha kulambwa hakirudi, Hooyo," alisema, akimwita mama kwa Kisomali, na kwa aibu akamtazama Bare badala yake. "Tunaweza kulinda kilichobaki tu. Na ile hesabu yangu nitaifuta. Haifai kusimama mbele ya maneno ya Mungu."

"Nunow," alisema Mama Qali. Hakuwa amewahi kumwita jina lake usoni. "Iache. Mzee aliisikia hiyo, ndipo akaanza kusoma."

Walipofika nyumbani Nunow aliikumbatia redio yake kubwa, fahari ya chumba kile, akaishusha sakafuni, kwenye pembe ya mbali, karibu na vibuyu vya maziwa. Tepu akairudisha juu ya kabati, peke yake. Mama Qali alimmiminia chai ya kwanza kabla ya watu wote.

Wageni walimcheka miaka mingi. "Fundi, redio imekosa nini, umeiketisha na vibuyu?" Naye alijibu kwamba inajifunza adabu.

Nunow amefariki mwaka huu, mwezi wa Shaaban, baada ya sala ya alfajiri. Alinasa sauti za nusu ya mji, na hakuna aliyekumbuka kunasa yake. Siku ya tatu Kinsi, sasa bibi mwenye fimbo, aliomba ile tepu ishushwe, ipigwe.

"Moja, mbili, tatu. Sogea kidogo, Maalim."

Kinsi aliinua mkono, ikarudishwa mwanzo. Akainua tena. Kisha akasema sasa iachwe iendelee, Yasin iwafikie wote wawili.