Pembe ya Mzee Eliamani na Gitaa la Wajerumani

Ashukuriwe Mungu aliyeniachia masikio mazuri, ingawa magoti yameanza kunung'unika.

Juzi nilikuwa barazani hapa Same nikichambua maharage, mjukuu wangu Niwaeli akafungulia spika yake. Ikatoka sauti ndefu ya gitaa, ikapanda na kulia kama pembe inayoita watu ng'ambo ya bonde. Ungo ukaniponyoka.

"Samahani bibi! Ni albamu mpya ya bendi ya Wajerumani. Walianza kabla baba hajazaliwa, wakanyamaza miaka mingi, sasa wamerudi. Wazee kama wewe."

"Na meno wanayo?"

Alicheka sana. Hakujua kwa nini nauliza.

Nilipokuwa mtoto kule milimani, maji ya mashamba yetu yalitunzwa kwenye ndiva, bwawa la udongo lililochimbwa na babu zetu. Likibomoka, watu walitengeneza kwa msaragambo, kazi ya wote, na aliyewaita ni Mzee Eliamani kwa pembe ya ukoo wake. Bila pembe, hakuna aliyenyanyua jembe. Ndiyo ilikuwa desturi.

Mwaka mmoja mzee aling'oka meno ya mbele. Alipopuliza, sauti ilikatika katikati. "Hiyo ni pembe au mbuzi ana kikohozi?" akasema mtu, na watu wakaangua kicheko. Mzee akaitundika pembe ukutani, akanyamaza. Baadaye ukingo wa ndiva ukaanza kuvuja, mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Kila mtu aliona. Kila mtu alisubiri kuitwa.

Basi Mjerumani mmoja kijana, fundi wa misheni, akawa anajaribu kipaza sauti cha mkutano wa injili pale kanisani. Aliweka kaseti yake ya bendi ya kwao. Gitaa likalia kama pembe bonde zima, na watu wakashuka na majembe mabegani kuelekea ndiva. Mimi nilikimbilia kanisani, nikachungulia ndani ya kile kipaza sauti nione pembe iko wapi.

Nilipofika ndiva, watu walikuwa wamesimama tu, majembe begani, wakitazamana. Ndipo Mzee Eliamani akatokea na pembe mkononi, anahema.

"Nani ameniitia watu wangu?"

"Ni Wajerumani, baba," mama akajibu.

"Pumzi wanayo. Ila hawajui kumaliza."

Akapuliza. Sauti ikapanda, ikatetemeka, ikakatika palepale ilipokatika siku ile. Hakuna aliyecheka. Majembe yakashuka, na kabla ya jua kuzama ukingo ulikuwa umezibwa. Mama alisema Mungu aliyemtumia punda wa Balaamu hashindwi kutumia kaseti.

Kwa miaka mingi niliamini gitaa ndilo lililookoa mahindi yetu. Utu uzima ndio ulionionyesha kwamba gitaa liliwaleta tu watu. Kilichowainamisha ni ile sauti mbovu. Na mzee alipoiinua pembe mbele ya wale waliomcheka, hakujua kama watamcheka tena.

Niwaeli alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauendeleza wimbo. Mahali fulani sauti ya mwimbaji ilikwaruza, ikakatika kidogo.

"Hapo amechoka, bibi."

"Rudisha nyuma," nikamwambia. "Nataka kupasikia tena hapo."

Nawe unayesoma, kama ipo pembe uliyoitundika kwa sababu ya kicheko cha watu, Bwana akurudishie pumzi, na utakapopuliza, akuletee wenye majembe.