Kopo la Agossou na Ukuta wa Mama Filomena

Agossou alijifunza kupiga picha kwa kopo la maziwa, na mpaka leo, mvi zimemjaa, hajaona sababu ya kulitupa. Alilitoboa tundu la ncha ya sindano; ndani hubandika karatasi ya picha, kisha huliweka mbele ya nyumba akangoja. Kungoja ndiyo kazi yenyewe. Nyumba kuukuu za Porto-Novo, zile za nguzo na maua ya lipu zilizojengwa na watu waliorudi kutoka Brazili, hutulia. Binadamu hatulii. Basi katika picha zake nyumba hutoka wima, watu wakayeyuka kama moshi. Yeye huwapenda hata hao wa moshi.

Jumatatu mafundi walikuwa waje kubomoa ukuta wa mbele wa nyumba ya Mama Filomena da Cruz, waujenge upya. Mpwa wake Romaric alikwisha kuuchora kwenye kompyuta: rangi ya waridi, anga safi, na watu wa kuokotwa mtandaoni wakipita na miavuli.

"Nzuri, mwanangu, inang'aa," Mama alimwambia. "Lakini hawa mlangoni kwangu ni akina nani? Hata hodi hawajapiga."

Ndipo akamwita Agossou. Alitaka atoke pichani yeye mwenyewe, mbele ya ukuta uleule uliompokea siku alipoolewa, kabla haujaanguka.

Jumapili baada ya misa akaketi benchini, kilemba kipya, mikono mapajani. Agossou akafunua tundu.

Akatokea Akouavi, muuza akassa, yale madonge ya mahindi ya kufungwa majani. "Mama, umeshindaje? Asante ya jana!"

Sasa mtu akikushukuru kwa ya jana, utanyamaza? Mama akainua mikono, akamuuliza hali ya mume, ya watoto, hata ya mbuzi aliyevunjika mguu. Agossou akaingia stoo aliyoiziba mianga, akaisafisha picha: nyumba safi kabisa, benchini ukungu mtupu.

Mara ya pili alipita dereva wa pikipiki. Mara ya tatu, fundi cherehani.

"Mama, usiitikie basi," Agossou akamsihi.

"Nisiitikie? Waseme Filomena amekufa kakaa kitako?"

"Sasa utatokaje?"

"Mwenye kopo si wewe?"

Jua likawa linashuka. Akouavi akarudi, karai tupu kichwani. "Baba Agossou, bado unapiga picha moshi?"

Agossou hakukasirika, hasira hajawahi kuijua vizuri. Alimtazama Akouavi, akatazama benchi, akalipigapiga kwa kiganja. "Keti hapa, binti yangu. Mtu akishaketi, salamu zake zimekwisha."

Akouavi akaketi. Dereva alipopita tena, akasalimu, akaitikiwa yote, naye akaketishwa. Fundi cherehani vilevile, na Romaric, na jirani wa ng'ambo ya njia. Benchi likajaa, wengine wakaketi kwenye ngazi za mlango, mpaka njiani hakubaki wa kusalimu.

"Haya, sasa tulieni," akasema Agossou, akafunua tundu.

Kule stoo, karatasi ikiogelea kwenye dawa, kilitokea kilemba kwanza, halafu taya, halafu macho mawili yaliyotulia.

"Ndimi!" Mama akapiga makofi. "Lakini nyie mmenuna kama mmelishwa kwinini!"

Asubuhi mafundi walifika na sululu zao. Mama aliwasimamisha mlangoni, akawaonyesha picha mmoja mmoja, ndipo akasogea pembeni wapite.