Samaki Wawili na Kikombe Changu cha Maji

Maduka ya Newala yalipoanza kujaa bidhaa za kila namna, watu wenye akili walinunua redio. Mimi, mwalimu mwenye shahada, nilinunua chupa kubwa ya kioo iliyokwisha peremende, nifugie samaki. Nilikuwa nimesoma kwamba ukiweka mchanga, majani ya majini, konokono na samaki wadogo wawili penye mwanga, vitalishana vyenyewe, na maji hutayabadilisha.

Mke wangu alisikiliza mhadhara wote ameshika ndoo tupu. Kiangazi maji yetu yalipanda kutoka bondeni yakiwa kichwani mwake.

"Nakupa maji mara moja," alisema, akafunga uzi mwekundu kuizunguka chupa, usawa wa maji. "Wakiomba tena, mwalimu, wanarudi kwao Ndanda."

Niliapa hawataomba. Wiki haikuisha, maji yakawa yameshuka upana wa kidole. Basi kila asubuhi, kwa siri, nikawamiminia kikombe changu cha maji ya kunywa mpaka yaguse uzi. Nilifundisha jiografia ulimi umekauka, na wageni waliokuja kushangaa niliwaambia, "Mnaona? Inajitegemea."

Mwezi ulipotimia, mama mkwe akaja kutoka Tandahimba. Kwa desturi yetu ya heshima kati ya wakwe, yeye na mimi hatukusemezana ana kwa ana. Alisema na kuku aliyekuwa mlangoni.

"We kuku, mtungi wangu ukikaa wazi siku tatu, unashuka. Huu wa bwana shahada naambiwa mwezi mzima haupungui. Hebu muulize, nani anautilia?"

Kuku alinyamaza. Mke wangu hakunyamaza. "Mwalimu?"

"Mwambie mama," nilimwambia kuku, "ni maji yangu mwenyewe ya kunywa."

"Yako? Aliyeyabeba nani?" mke wangu aliuliza, na tayari alikuwa anatafuta ndoo ya kuwasafirishia samaki.

"We kuku, waambie wasubiri," mama mkwe alisema. "Huyu kasoma vyote, kasahau kufunika."

Niligeuka nikatazama mitungi yetu mitatu. Yote ilikuwa imefunikwa, kama ilivyo katika kila nyumba ya huku juu. Kitabu nacho kilisema hivyohivyo, katika mstari niliouruka kwa kuona ni mambo ya watoto.

Nikatafuta kipande cha kioo cha dirisha, nikafunika, nikaacha upenyo mdogo. Asubuhi matone yalikuwa yamening'inia chini ya kioo, yanadondoka moja moja kurudi kwa wenyewe. Mke wangu alinipa wiki moja, na kikombe changu akakilinda yeye. Wiki ilipokwisha aliinama akakagua uzi, akakagua tena, kisha akachukua ndoo akaenda nayo bondeni kama kawaida. Samaki wakabaki.

Siku ya kuondoka, mama mkwe alisimama mbele ya chupa muda mrefu, mzigo tayari kichwani.

"We kuku," alisema hatimaye, "kule kwangu kuna dirisha zuri tu. Hawa wakizaa, ataletewa nani?"