Sentensi Niliyomwandikia Waziri

Nilikuwa karani wa rekodi katika kituo cha afya ambacho sitakitaja jina, upande huu wa Voi. Bima ya afya ilipobadilishwa tuliletewa mashine ndogo nyeusi ya kusoma alama za vidole. Mgonjwa anaweka kidole, kompyuta inamtambua, anakwenda kuonwa na daktari. Kidole kisiposomeka, bima haimjui. Anunue dawa mwenyewe ama arudi siku nyingine.

Mashine ile haikuwasumbua walimu wala watu wa maofisini. Iliwakataa waliotumia mikono yao: wakulima wa milimani, wapasua mawe, akina mama waliokata mkonge ujana wao wote. Mmoja wao alikuwa rafiki ya mama yangu. Alikuwa mjane, anaishi Maungu, ila kanisani alisali nasi Kaloleni, hapa Voi, kwa sababu hapo ndipo alipobatizwa. Alikuwa na presha. Mkonge ulikuwa umekula ncha za vidole vyake hadi zikawa nyororo kabisa. Mara ya kwanza nilimrudisha nyumbani. Mara ya pili nikamrudisha. Mara ya tatu nilimwambia apake mafuta ya kujipaka usiku kucha, pengine mistari itatokea.

Sasa niseme jambo ambalo kwa muda mrefu sikulisema. Njia nyingine ilikuwepo. Wizara ilikuwa imetuma waraka, na ukurasa wa pili ulieleza kwamba asiyesomeka vidole ajaziwe fomu ya karatasi, daktari atie sahihi, kisha karani aingize kila kitu kwenye kompyuta kwa mkono. Niliijaribu na mgonjwa mmoja. Mtandao ulikatika mara mbili, nikaanza upya mara mbili, na watu wa foleni wakanipigia kelele mpaka masikio yakaniwaka. Siku hiyo hiyo nilizitia zile fomu kwenye droo ya chini. Nilijiambia nitazitoa foleni ikipungua. Foleni haikupungua.

Kisha ikaja simu kutoka ofisi ya kaunti. Mbunge mmoja alikuwa ameuliza swali, waziri angelijibu Bungeni Jumatano, na kila kituo kilitakiwa kuandika taarifa yake kabla ya saa sita. Swali lilikuwa fupi: je, kuna mgonjwa aliyekosa huduma kwa sababu mashine haikusoma vidole vyake?

Mkuu wetu, muuguzi mtu mzima ambaye hakuwahi kunifokea hata siku moja, aliniletea karatasi. "Wewe ndiye unayekaa pale dirishani," akaniambia. "Andika ulivyoona."

Ningeandika ukweli, swali la pili lingekuwa: kwa nini hamkutumia fomu? Na mkataba wangu ulikuwa unakaribia kwisha. Nikaandika: "Hakuna mgonjwa aliyerudishwa nyumbani. Wote ambao vidole vyao havikusomeka walihudumiwa kwa fomu mbadala." Nilipoisoma niliona imekaa vizuri. Hata nilijivunia kidogo lile neno mbadala. Mkuu akatia sahihi bila kuuliza lolote, maana aliniamini.

Jumatano alasiri, yule mama wa Maungu akaja mara ya nne. Alikuwa amepaka mafuta kama nilivyomshauri, na sasa vidole viliteleza juu ya kioo. Akavipangusa kwa leso. Mashine ikalia mlio wake wa kukataa.

"Keti kidogo, mama, tutajaribu tena," nikamwambia.

Akaketi kwenye benchi, chini ya televisheni. Bunge lilikuwa hewani. Kwa kawaida hakuna aliyelijali, lakini mbunge alipotaja Taita Taveta, kaunti yetu, watu waliacha mazungumzo. Mtu akaongeza sauti.

Waziri alisimama na faili lake. Nilitegemea atazungumza kwa jumla, kama wanavyozungumza. Badala yake akasema, "Mheshimiwa Spika, ninayo taarifa ya kituo kimoja karibu na Voi. Nitaisoma kama ilivyoletwa." Akaisoma. Neno kwa neno, pamoja na lile mbadala.

Pale kwenye benchi, mzee mmoja aliyeshika fimbo akasema kwa sauti, "Uongo mtupu! Mimi nimerudishwa hapa hapa." Mwingine akaguna, "Hawa mawaziri hawana haya." Watu wakacheka, kicheko cha hasira, na wote walimtazama yule aliyekuwa kwenye kioo cha televisheni. Hakuna aliyegeuka kutazama dirishani.

Mbunge akauliza swali la nyongeza: aliyeleta taarifa ile anawaona watu ama anaona karatasi tu? Waziri alifunga faili lake. "Mheshimiwa Spika," akasema, "siwezi kuwa katika kila kituo. Namtegemea yule aliye pale." Akaketi.

Yule mama akainuka polepole, akaja hadi dirishani. Hakuwa na hasira. Alikuwa na furaha ya mtu aliyepata habari njema.

"Mwanangu, umesikia? Kumbe kuna fomu."

Goti langu lilikuwa limegusa droo. Ilitosha niiname tu nizitoe fomu.

"Bado haijatufikia, mama," nikasema.

"Basi haidhuru. Asante, umejaribu sana." Akachukua mkoba wake, akaenda zake.

Nimewahi kutukanwa pale dirishani, na matusi nimeyasahau. Ile asante sijaisahau.

Hakurudi tena. Wiki kadhaa baadaye mama yangu aliniambia rafiki yake aliamka asubuhi jicho la kulia likiwa halioni. Daktari alisema ni presha, na kwamba huenda jicho lisirudi. Huenda lingepofuka hata kama angepata dawa. Hilo nalo nimejiambia mara nyingi, na halijanisaidia.

Jumamosi nilitoa fomu kwenye droo, nikaenda Maungu. Nilimkuta nje ya nyumba akipepeta kunde, kichwa amekiinamisha upande ili jicho zima lione ungo. Alifurahi kuniona. Aliniletea kiti na chai kabla sijasema nililojia.

"Fomu ninayo, mama," nikamwambia. "Nilikuwa nayo hata siku ile."

Akaendelea kupepeta. "Siku ile ya televisheni?"

"Hata kabla yake."

"Na waziri? Yale maneno aliyatoa wapi?"

"Kwangu. Mimi ndiye niliyeyaandika."

Ungo ulisimama. Alinitazama kwa muda mrefu kwa lile jicho moja, nami nikatazama chai yangu.

"Ungekuwa wangu ningekuchapa, na ukubwa wako huo," akasema mwishowe. "Jaza hiyo fomu yako. Mama yako sitamwambia. Itamuumiza."

Nilijaza pale pale, juu ya goti. Jumatatu nilimweleza mkuu wetu kila kitu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Ulinifanya nitie sahihi uongo," akasema. Ni hilo tu. Tukaandika barua ya kusahihisha, akaipeleka mwenyewe kaunti. Kama ilifika Nairobi sijui. Sijasikia waziri akisimama tena kuhusu jambo lile. Fomu tulianza kuzitumia, na yule mzee wa fimbo alikuwa wa kwanza kujaziwa. Foleni ilipiga kelele, tukaizoea. Mkataba wangu ulipokwisha haukuandikwa upya, na sikuuliza sababu.

Yule mama alitimiza ahadi yake. Kila Jumapili alimsalimu mama yangu, wakacheka mambo yao, nami nikawa nasimama mbali nikijifanya natafuta mtu. Ikawa siwezi kuvumilia tena. Jioni moja nilimkuta mama jikoni akichambua mchele, nikamwambia mwenyewe, tangu droo hadi jicho.

Alisikiliza bila kuinua uso. Nilipomaliza akauliza, "Yeye anajua yote haya?"

"Anajua."

"Na bado ananisalimia vile?"

"Ndiyo, mama."

Aliweka sinia chini. Akatafuta leso yake, akajifunga, akatoka kwenda kupanda gari la Maungu ingawa jua lilikuwa linazama. Hakuniambia nimfuate. Nilibaki jikoni, nikavuta sinia, nikaendelea kutoa mawe kwenye mchele.