Mama Fyuzi na pikapu iliyokonyeza hovyo

Saa mbili asubuhi, Mama Fyuzi ameketi ndani ya pikapu kuukuu ya kijani, mguu juu ya breki, shingo nje ya dirisha. Nyuma ya gari mumewe amechuchumaa, anatoa taarifa.

"Kanyaga! Taa za breki, hakuna kitu. Ila indiketa zote mbili zinawaka kidogo, kama zina usingizi."

"Haya, naweka indiketa ya kushoto."

"Eh! Sasa kila kitu kinakonyeza, mke wangu. Mpaka taa ya namba!"

Mama Fyuzi anacheka mpaka anauegemea usukani. Akishuka, kicheko kimekwisha. Saa nane mchana gari hili linatakiwa kwenye ukaguzi.

Jina la Mama Fyuzi alipewa na wateja. Ana miaka thelathini na minane, na kumi na mmoja kati ya hiyo ameitumia kutengeneza umeme wa magari. Banda la mabati anagawana na mumewe, ambaye ni fundi rangi: huku nyaya, kule makopo.

"Mwanzoni watu walikuwa wananikuta nimeshika koleo, waya uko mdomoni, halafu wananiuliza, 'Dada, fundi yuko wapi?'" anakumbuka. "Nawaambia ameenda kunywa chai. Nazunguka nyuma ya banda, natokea upande wa pili. 'Haya, fundi ndiye mimi, tatizo nini?'"

Pikapu hii ina miaka arobaini na mitatu, na nyaya zake zilikuwa zimetafunwa na panya. Mafundi watatu waliikataa. Mama Fyuzi aliikubali, ingawa hakuwa amewahi kufunga nyaya za gari zima tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi ilimchukua siku kumi na tisa.

Mwenye gari, dereva mstaafu, amekalia tairi mlangoni, kofia mikononi.

"Watoto wangu wamenipa hadi leo," anasema. "Lisipopita ukaguzi, kesho anakuja mnunuzi wa chuma chakavu na mashine yake ya kukatia. Wanasema baba anapenda gari kuliko wajukuu. Si kweli. Nawapenda sawasawa."

Mama Fyuzi anamsikia, anainamisha uso. "Naogopa, sikufichi," ananong'ona. "Nikimwangusha mzee huyu, sijui nitamtazama vipi."

Kufikia saa nne ameshakagua fyuzi zote na swichi ya breki. Nyaya za nyuma amezifungua na kuzifunga mara mbili, akizilinganisha na mchoro alioutengeneza kwenye daftari la bintiye. Hakuna waya uliokosea njia. Anakaa chini, anakuna kichwa kwa bisibisi.

"Ngoja kwanza," anasema ghafla. "Umeme ukishawasha taa lazima urudi kwenye betri, na unarudi kwa kupitia bodi, yaani chuma cha gari lenyewe. Ukikosa njia, unajipenyeza kwenye taa za jirani. Ndiyo maana zinawaka zisipoitwa."

Anachukua waya mrefu, ncha moja anaibana upande hasi wa betri, nyingine anaigusisha nyuma ya taa.

"Baba watoto, kanyaga!"

Taa za breki zinawaka, nyekundu, safi, na indiketa zimetulia. Mzee anasimama bila kujua amesimama.

Mama Fyuzi anaifungua nati inayoubana waya hasi wa taa hizo kwenye bodi. Chini yake hakuna chuma kitupu. Kuna rangi ya kijani, laini, inayong'aa.

"Baba watoto," anaita, kwa upole wa kutisha. "Hapa nilikwangua mpaka chuma kikaonekana. Nani kapaka?"

Fundi rangi anaangalia viatu vyake. "Nilidhani ni mkwaruzo. Jumapili, ulipokwenda kununua balbu. Nikapiga rangi mikono mitatu."

"Mitatu!"

"Si ulisema mzee ni mteja wa heshima?"

Mzee ndiye anayeanza kucheka. Mama Fyuzi anamkabidhi mumewe msasa, naye anaikwangua kazi yake mwenyewe kwa uso wa mtu aliyefiwa.

"Na mimi nina kosa," anakiri mke. "Nilifunga nati bila kutazama, kwa kuwa nilikumbuka nimeshakwangua. Sasa kila sehemu inapofungwa waya hasi nitaibandika utepe wa karatasi kabla huyu bwana hajashika pampu yake ya rangi."

Saa tisa kasoro robo honi inasikika tangu kona ya barabara. Mzee anaingia na karatasi ya ukaguzi nje ya dirisha, huku anaongea na mwanawe kwa simu: "Mwambie yule wa mashine atafute chuma kwingine!"

Mama Fyuzi anafuta machozi kwa mkono wenye grisi. Akiulizwa ndoto yake, hataji banda kubwa wala vifaa vipya.

"Nataka kujua kuendesha," anasema kwa haya. "Miaka yote nawafungia watu taa, wanawasha, wanaondoka, mimi nabaki. Sijawahi kuendesha gari hata mpaka kona ile."

Mzee anazima injini.

"Jumamosi saa tatu, mwanangu, uwe tayari. Gari hili nimewanyima hata watoto wangu."

"Na nikiliparuza, baba?"

Mzee anamtupia jicho fundi rangi.

"Mume si unaye?"