Mchele Mpya Huanzia Bondeni

Mdogo wangu alinipigia simu nikiwa kwenye cherehani, napinda sketi za shule, akaanza kwa kuniuliza kama Mbeya kuna baridi. Nikajua kuna jambo. Huyu mtu akiwa na habari njema huitoa hata kabla ya salamu.

"Dada," akasema mwishowe, "mwaka huu tuache. Mvua imetumaliza. Mpunga wote wa upande wa mtoni umelala kwenye tope. Halafu pale mjini hakuna mtu tena, yule mpwa wa marehemu amehamia Dar. Hicho chakula tutampelekea nani?"

"Hakuna hata mpunga kidogo uliosimama?"

"Upo kidogo tu, kule juu karibu na migomba."

"Usiuguse. Nakuja."

Nikakata simu kabla hajapata neno la kunijibu. Najua utasema mimi ni mkaidi, na sitabisha. Ila ukaidi huu sikuuokota njiani. Nililishwa nao, ndugu yangu, kwa kijiko, tangu nikiwa mtoto kule kijijini Ngana, Kyela.

Sisi watoto tulikuwa wawili, mimi na huyo mdogo wangu, na aliyetulea ni bibi mzaa mama. Mama alifariki tukiwa wadogo. Mji wa bibi ulikuwa katikati ya migomba na mikakao, uwanja wake umefagiwa hadi unang'aa. Kakao ikianikwa kwenye mikeka, harufu yake ya uchachu iliingia mpaka kwenye nguo za kanisani. Sisi tulipenda utando mweupe wa zile mbegu kabla hazijavundikwa. Tuliufyonza hadi ulimi ukakwaruza, na bibi akituona alipiga kelele kwamba tunakula sare zetu za shule, maana kakao ndiyo iliyozilipia.

Asubuhi tuliamshwa na mlio wa mchi. Bibi alitwanga kwanza, akasali baadaye, akisema Mungu hachukii kelele za kinu. Chai ilikuwa ya majani ya mchaichai, na ndizi zilizolala na maharage kwenye chungu tangu jana yake. Mpunga ukikaribia kukomaa, kazi yetu ilikuwa kufukuza ndege. Tulipiga madebe na kuimba matusi ya kitoto kuanzia jua linapochomoza hadi sauti zinatukauka. Nikisikia watu wa mbali wakiusifu mchele wa Kyela kwa kunukia, moyoni nasema: unanukia, ndiyo, lakini waulize watoto waliolinda.

Kisha ukaja mwaka wa maji. Mto Songwe ulikuwa umetutisha mara nyingi, na kila mara ulirudi kitandani mwake. Safari hii haukurudi. Asubuhi moja tulikuwa tunakunywa chai, bibi akatazama uwanja wake na kuona maji yanakuja polepole, bila kelele, yamebeba makapi na kandambili ya mtu. Mjomba, ambaye mji wake ulipakana na wetu, alikuwa amekwishaswaga ng'ombe kuelekea kwenye miinuko. Bibi akachukua blanketi, sufuria moja na sisi wawili. Tulipofika barabarani niligeuka, nikaona ghala letu la mpunga limeinama kama mtu anayetafuta kitu chini. Bibi hakugeuka.

Tulitembea kwenye maji, kisha kwenye tope, kisha mtu mmoja mwenye baiskeli akampakia mdogo wangu hadi Kyela mjini. Tulikuwa na ndugu pale. Tulimkuta mlangoni kwake, akasema nyumba imejaa. Labda ilijaa kweli, sijui. Bibi alimshukuru kwa adabu zote, akamwulizia watoto wake mmoja mmoja, tukaondoka. Mvua ikaanza upya. Tukajibanza kwenye baraza la duka moja katika mtaa wa Bondeni, nguo zimetugandia mwilini, mdogo wangu anatetemeka meno.

Mwenye duka akatoka. Alikuwa mama wa makamo, mjane wa Kiislamu, baba yake alikuja kutoka pwani na biashara ya nguo na hakurudi tena kwao. Alituangalia juu mpaka chini.

"Mugonile," akatuamkia kwa Kinyakyusa chake cha dukani, salamu ya asubuhi, ingawa mchana ulishapita. "Mnamngoja nani hapa?"

"Hatumngoji mtu," bibi akajibu. "Tunangoja mvua iishe, tuendelee."

"Mwendelee wapi?"

Bibi akaanza kukamua ncha ya blanketi.

Mama yule hakuuliza tena. Aliingia ndani, tukasikia magunia yanaburutwa. Alikuwa anahamisha sukari na chumvi kutoka stoo yake, peke yake, akihema. Kisha akatoa kichwa mlangoni na kusema, "Ingieni basi, mtoto huyo atakufa kwa baridi." Chumba kilinuka sabuni ya mche na mafuta ya taa. Mpaka leo nikinusa sabuni ile napata usingizi.

Tulikaa pale hadi mvua ilipokatika na njia zikapitika. Kila asubuhi alikaanga vitumbua vya kuuza, na vya kwanza kutoka kwenye chuma vilikuwa vyetu. Bibi hakukubali kukaa bure. Alitwanga unga wa vitumbua, alifagia baraza, alichota maji, na wale wanawake wawili waligombana kila siku, mmoja akisema pumzika, mwingine akisema nimeshapumzika vya kutosha. Jirani, mwenye duka la pili, alikuja siku moja akamwambia mwenyeji wetu kwa sauti ya juu ili tusikie, "Umefungua kambi? Watu wa mashambani hao, angalia watakuibia sabuni."

"Wakiiba sabuni," akajibu, huku anageuza kitumbua, "watakuwa wasafi kuliko wewe."

Bibi alicheka hadi akaweka mchi chini. Tangu siku ile wakaitana dada.

Siku ya kuondoka, bibi alivaa kitenge chake kilichofuliwa, akasimama mbele ya meza ya duka. "Dada," akasema, "ndaga fijo. Asante sana. Sina cha kukupa."

"Nimekuomba?"

"Hujaniomba. Ndiyo maana inaniuma."

Mwenye duka akaona kwamba bibi hataondoka na moyo mweupe. Akasema, kama mtu anayeagiza chumvi, "Basi mchele mpya ukitoka, unionjeshe."

Nadhani alisema tu ili kumwondolea bibi aibu. Alipogeuka kumhudumia mteja, nafikiri alikuwa ameshasahau. Lakini bibi aliyabeba maneno yale hadi Ngana.

Kijijini watu walimshauri asijenge tena pale. Alijenga palepale, akainua msingi tu, na kila aliyemwuliza alimjibu, "Mto ndio uliokuja kwangu. Mimi sikuufuata." Msimu uliofuata mpunga ukakubali. Bibi akavuna wa kwanza, akautwanga mwenyewe, akaupepeta hadi hakuna hata ganda moja. Akanunua mbasa wa ziwani, samaki mwenye nyama nene, kwa sababu alikuwa ameshafikiria. "Kuku ana mambo ya nani kamchinja," alituambia. "Samaki hana maneno." Akapika katika chungu cha Wakisi, wale wafinyanzi wa ziwani, kile cheusi tulichokikuta kimezama kwenye tope bila ufa, akafunika kwa majani ya mgomba.

Tukiwa tunatoka, mzee wa kanisa akaingia uwanjani. Mjomba alikuwa amemwita, nilijua baadaye. Mzee yule hakuwa mtu mbaya. Alikaa, akapewa maji, akasema kwa upole kwamba malimbuko ni ya madhabahuni, na kwamba watu wanauliza kwa nini chakula cha kwanza kinatoka nje, tena kwa mtu asiye wa kwetu.

Bibi alikuwa tayari na chungu kichwani. Hakukitua.

"Baba mzee," akasema, "Mungu anajua nililala wapi. Yeye mwenyewe ndiye aliyenionyesha lile baraza. Jumapili nitampelekea la kwake, na hatalikuta pungufu. Leo nampelekea dada yangu. Kama kuna dhambi hapo, iandikwe kwa jina langu, mnalijua. Watoto, twendeni."

Mjomba akasema, "Mama!" Bibi alikwishafika barabarani.

Mwenye duka alipotuona alipigwa na butwaa. Hakumbuki, nikasema moyoni, na nikaona aibu kwa niaba ya bibi. Lakini bibi akafunua majani, ule mvuke ukapanda, na mama yule akashika mdomo wake. Akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata siku za msiba. Akatandika mkeka. Hakuuliza nani kapika wala kimepikwa na nini. Akala. Kila msimu tangu hapo, kabla ya mtu yeyote wa nyumbani kwetu kuonja punje, chungu kilienda Bondeni. Na sikukuu za Idd, pilau aliyotuletea iliamsha kelele za watoto kijiji kizima.

Lakini mwaka ninaoukumbuka zaidi ni ule mto ulipokuja tena. Haukubomoa nyumba, ila mpunga ulioza ukiwa umesimama. Bibi alikuwa amezeeka. Alizunguka shambani akiokota masuke yaliyosalia, akayakausha kwenye kichanja juu ya moto kwa kuwa jua halikuwepo. Mchele ukatoka wa kijivu, umevunjikavunjika, unanuka jiko. Mjomba akamsihi, "Mama, mwaka huu si aibu kukosa. Dada yako ataelewa."

"Najua ataelewa," bibi akasema. "Kwani naenda kwa sababu haelewi?"

Tulimkuta mwenye duka kitandani, amekonda, kanga imemzidi. Bibi akamwinua, akamlaza kifuani kwake, akamlisha kwa mkono. Alitafuna taratibu, akafumba macho.

"Una moshi," akasema.

"Mwaka huu una moshi," bibi akajibu.

Wakatazamana, halafu wakaanza kucheka, wale vikongwe wawili, wakacheka hadi mmoja akakohoa na mwingine akampiga mgongo huku naye machozi yanamtoka. Mgonjwa akaomba aongezwe. Hakuishi hadi mavuno mengine. Kwenye maziko bibi alikaa mkekani na wanawake wa Kiislamu, amejitanda kanga ya marehemu, na hapakutokea mtu wa kumwambia hapa si kwako.

Bibi naye akaondoka, miaka ikapita, tukaendelea kupeleka chungu kwa mpwa wa marehemu, aliyebaki na duka. Sasa mpwa amehama. Ndiyo hoja aliyokuwa nayo mdogo wangu: tutampelekea nani?

Nilishuka Kyela joto likanipokea kama ndugu. Tulivuna ule mpunga wa juu, nikatwanga, ingawa mashine ya kukoboa iko karibu, tena mikono yangu ni ya cherehani siku hizi. Nikapika. Mdogo wangu alinung'unika njia nzima ndani ya bajaji, lakini alikipakata chungu kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

Lile duka limekatwa vyumba. Pale stoo ilipokuwa, kijana mmoja anauza kava na chaja za simu. Nikamsalimia, nikamweleza: bibi yetu, maji, chumba hiki hiki, chakula cha kwanza. Alinisikiliza akimwangalia mdogo wangu mikononi.

"Mama, mimi si mtu wa hapa," akasema. "Nimepanga tu."

"Hata sisi hatukuwa watu wa hapa."

"Nashukuru sana. Lakini samahani, chakula cha mtu nisiyemjua sili. Mama yangu alinikataza."

Hakusema kwa ubaya. Mdogo wangu akanigusa kiwiko: umeona sasa? Na niliona, ndugu yangu. Niliona kilichotutoka. Si duka, si mzee yule wa kanisa, si pilau ya Idd. Kilichotutoka ni ule mkono uliochukua tonge bila kuuliza. Leo tunafundisha watoto kuogopa sahani, na sina haki ya kumlaumu kijana, maana na mimi wanangu nimewafundisha hivyohivyo.

Lakini kurudi na chungu kimejaa? Sikulelewa hivyo. "Basi tutakula hapa barazani kwako," nikamwambia. "Hatutakuzibia wateja."

Nikatandika kitenge changu. Mdogo wangu akatazama barabara yote, akaona aibu, akakaa. Nikafunua majani. Nikamkaribisha mama anayeuza nyanya upande wa pili, akaja na mwanawe mgongoni. Nikamkaribisha dereva wa bodaboda, akasema ameshiba, halafu akavua kofia, akakaa pia. Nikawaeleza chakula hiki ni cha nani. Nilimtaja bibi, nikamtaja mwenye duka, kwa sauti, ili barabara isikie.

Tulikuwa tunataka kuanza, ndipo nikasikia mlio wa maji nyuma yangu. Yule kijana alikuwa amefunga kabati lake la vioo. Amesimama na jagi na beseni la plastiki, ameinama kidogo kama inavyopasa.

"Nawa, mama," akasema.

Nikanyoosha mikono, naye akanimiminia. Alizunguka kwa kila mtu mpaka wa mwisho. Kisha akasimama pale na jagi tupu, akitazama chungu. Sikumkaribisha mara ya pili. Nilisogea tu kwenye kitenge, nikaacha nafasi.